Msiiuze boti, wala msinunue mota kubwa: jibu kwa kijana wa Himbi

Swali la msomaji, kwa ufupi: "Mwalimu, sisi ni vijana wanne wa Himbi, hapa Goma. Tulichanga tukanunua boti ya mbao ya mita 6 na mota ya nguvu 15, ile ya kuchanganya esanse (petroli) na oili. Jumapili moja ya mwezi wa saba tulitoka asubuhi na mapema kwenda kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu limelala kabisa. Tukala samaki, tukaogelea, tukajaza tangi kutoka kwenye bidoni, na saa nane mchana tukaanza kurudi kwa sababu kesho yake ilikuwa kazi. Tulipokiacha kisiwa mota ikazima. Tukivuta kamba haiwaki, tukipumzika inawaka kidogo, inazima tena. Boti ikageuza ubavu kwa mawimbi, maji yakaanza kuingia. Binamu yangu alitaka kuogelea hadi nchi kavu, tukamshika. Tulielea hadi usiku wa giza, tukasikia wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wakiimba, tukawamulika kwa simu moja iliyobaki na chaji. Walitupandisha kwao, na alfajiri boti yetu ikavutwa hadi bandari ya Kituku. Jile (jaketi za kuokoa maisha) zilikuwa mbili, zote chini ya kiti. Watu wanasema gesi ya ziwa ndiyo iliyozima mota. Mama anataka boti iuzwe. Wenzangu wanataka mota ya nguvu 40. Mimi nataka kujua tulikosea wapi."

Mdogo wangu, namshukuru Mungu kwamba swali hili umeliandika wewe mwenyewe.

Nianze na mota, maana ndiyo inayoweza kuwamalizia pesa wiki hii. Msinunue ya nguvu 40. Mtu aliyeokolewa majini hutafuta kitu cha kulaumu. Akikipata hukibadilisha, kisha hurudi ziwani na mazoea yaleyale. Mota ya nguvu 40 ina uzito wa karibu mara mbili ya hiyo yenu. Ukiifunga kwenye ubao wa nyuma wa boti ya mita 6 iliyotengenezewa mota ndogo, boti itakalia nyuma, na nyuma ndiko maji yanakoingilia mawimbi yakikufuata. Itakunywa esanse nyingi zaidi, itawapa kiburi cha kwenda mbali zaidi, na skrubu ile ndogo iliyowaangusha bado itakuwepo.

Ndiyo, nadhani ni skrubu. Hebu leteni tangi la esanse, lile la kubebwa kwa mkono, muangalie kifuniko chake. Juu kabisa kuna kijiskrubu cha kuzungusha kwa vidole viwili. Kinafungwa tangi linapobebwa ili esanse isimwagike, na kinafunguliwa mota inapofanya kazi ili hewa iingie kuchukua nafasi ya esanse inayotoka. Nyinyi mlijaza tangi kisiwani, mkafunga kila kitu vizuri kama watu wenye adabu, mkaondoka. Kikiwa kimefungwa, mota hunywa esanse iliyo karibu, baada ya dakika kadhaa tangi linajivuta kwa ndani, mbavu zake zinabonyea, na ile pampu ya mpira iliyo katikati ya mrija inabaki bapa ukiibonyeza. Mota inakufa. Mkipumzika, hewa kidogo inapenya, mota inawaka, inakufa tena. Hivyo ndivyo ulivyoniandikia. Dawa yake ni kuzungusha vidole viwili tu, lakini dawa hiyo haionekani boti ikiwa imelalia ubavu na watu wanne wanapiga kelele.

Inawezekana pia esanse ilikuwa na maji. Esanse ya kadhafi, yule muuzaji wa barabarani, imepita chupa nyingi na bidoni nyingi kabla ya kufika kwako. Maji ni mazito kuliko esanse, kwa hiyo yanakaa chini ya tangi, na ziwa likiwa shwari hayasumbui mtu. Boti ikianza kurushwa yanavurugika na kuvutwa hadi kwenye kabureta. Mimina esanse kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache robo saa mahali patulivu, na kama kuna maji utaona mstari chini. Fanyeni hivyo nyumbani, kila safari. Na nunueni buji (plagi) mbili za akiba pamoja na ufunguo wake, maana mlivyovuta kamba mara nyingi vile, huenda buji zililowa, na buji iliyolowa haitoi cheche hata hewa na esanse vikiwa sawa.

Kuna jambo la kando ambalo wauzaji wa mota hawalisemi. Kivu iko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mota hupoteza karibu sehemu moja kwa saba ya nguvu yake. Nguvu 15 zilizoandikwa kwenye kofia ya mota, hapa kwetu ni kama 13. Mkipiga hesabu ya mzigo, pigeni kwa hizo 13.

Kuhusu gesi sitasema mengi. Metani na kaboni dioksidi zimeyeyuka katika maji ya chini sana ya Kivu, nyingi zikiwa chini ya mita 260, na zimekandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Mawimbi ya juu hayazifikii, na haziji kuzima mota ya mtu. Gesi ya kuogopwa na mwenye boti ipo nchi kavu, nami nitaifikia.

Sasa tuache mota. Hata ingekuwa mpya kutoka dukani, saa nane ile mlikuwa tayari mnaelekea mahali pabaya. Kila mtu aliyeokolewa ninayemuuliza huanza kunisimulia kutoka pale mota ilipozima. Mimi huwa namrudisha nyuma: mlikuwa wapi saa mbili kabla? Nyinyi mlikuwa Idjwi mnakula samaki, mkiangalia maji yaliyotulia.

Angalia ziwa lilivyo. Kutoka Bukavu hadi Goma ni kama kilomita 90 za maji, na Idjwi imelala katikati, ndefu, kusini kwenda kaskazini. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, upepo mkubwa hutoka kusini-mashariki na kuja kwetu. Ukubwa wa wimbi hutokana na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda ambao umevuma, na urefu wa maji wazi uliopitia. Ndiyo maana siku moja, kwa upepo uleule, ghuba ya Bukavu inaweza kuwa na vijiwimbi tu huku Himbi mawimbi yakivunjika juu ya mawe ya volkano. Asubuhi mara nyingi ni shwari. Kadiri jua linavyopanda upepo nao unaamka, na mchana ziwa mliloliacha asubuhi halipo tena.

Nyinyi mlikuwa upande wa magharibi wa kisiwa, na milima ya Idjwi iliwakinga. Maji mliyoyaona pale ufuoni yalikuwa kwenye kivuli cha upepo. Mngepanda mlimani dakika chache mkaangalia upande wa mashariki, mngeona mistari myeupe juu ya maji, na ukiona mistari hiyo kwa wingi boti ya mita 6 haina kazi huko. Hamkupanda, wala hakuna aliyewaambia mpande.

Mkaondoka. Hapa ndipo penye mtego, na nataka uusome pole pole. Mkienda kaskazini, upepo na mawimbi vilikuwa nyuma yenu. Boti inayokimbia pamoja na upepo haihisi upepo. Shati halipepei, maji hayakurukii usoni, na mawimbi unayaona kwa migongo yake, ambayo ni laini na haitishi. Mnajisikia mnaenda vizuri kuliko asubuhi. Kwa kila kilomita mnatoka zaidi kwenye kivuli cha kisiwa, wimbi linakua kidogo, na hamuoni kwa sababu linakua nyuma yenu. Siku mnayogundua ni pale mnapogeuza boti, au inapogeuzwa na mota iliyokufa, ndipo mnaona uso wa lile wimbi kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo mtu anayesafiri na upepo nyuma ana wajibu mmoja: kila robo saa apunguze mwendo, ageuze boti ielekee alikotoka, na ajaribu kurudi mita hamsini. Kama kurudi ni shida, amekwisha kwenda mbali mno, na arudi sasa hivi wakati bado inawezekana. Nyinyi mngefanya hivyo mara moja tu baada ya kuacha ncha ya kisiwa, mngelala Idjwi.

Na kulala Idjwi lilikuwa ndilo jibu. Ungepiga simu nyumbani, mama angenuna, bosi angekukata siku moja. Kilichowatoa kisiwani saa nane ni kazi ya Jumatatu. Nimeona boti nyingi zikiharibikiwa hapa, na kazi ya kesho yake imo karibu katika kila hadithi. Anayekwenda Idjwi bila nguo ya kulala, bila pesa ya chakula cha usiku na bila kumwambia bosi kwamba huenda atachelewa, huyo ameamua kurudi leo hata ziwa likikataa.

Esanse nayo ilikuwa katika hesabu hiyo. Theluthi moja ya kwenda, theluthi moja ya kurudi, theluthi moja haiguswi. Kutoka Goma hadi ncha ya kaskazini ya Idjwi ni zaidi ya kilomita 20 za maji wazi, na kwenda kinyume cha mawimbi esanse huisha haraka kuliko ulivyozoea.

Tuje kwenye boti iliyogeuka ubavu. Boti isiyo na mota hujilaza yenyewe sambamba na wimbi, na hapo ndipo hujaa maji. Kazi ya kwanza, kabla ya kugusa kamba ya mota, ni kuelekeza pua kwenye mawimbi. Chukua ndoo, au bidoni la lita 20 lililokatwa mdomo, lifunge kwa kamba ndefu kwenye pua ya boti, ulitupe majini. Likijaa maji linakuwa zito na kuburuta, boti inasukumwa na upepo huku ndoo ikibaki nyuma, na pua inageuka yenyewe kutazama wimbi. Nanga ya kawaida isingewasaidia. Kivu inashuka ghafla, mita chache kutoka mwambani ni kina kirefu, na katikati unazungumzia mita mia kadhaa. Nanga inafaa karibu na ufuo tu, na kamba yake iwe mara tano ya kina au zaidi.

Baada ya ndoo, wote wakae chini, sakafuni, katikati. Mmoja achote maji bila kuacha. Mmoja tu ashughulike na mota, naye apige magoti. Umeniambia watatu walisimama kumsaidia anayevuta kamba. Kimo cha watu watatu waliosimama ndani ya boti yenye maji sakafuni kinatosha kuipindua bila wimbi lolote, kwa sababu maji yale yanakimbilia upande ule ule unaoinama.

Kuna jambo moja mlilifanya vizuri kabisa. Mlimshika binamu yako. Nataka ajue kwamba hakuwa mwoga wala mjinga. Akili ya mtu aliye majini humwambia kwamba nchi kavu iko karibu. Juu ya maji macho hudanganya, mlima unaouona kwenye kilomita mbili huwa kwenye sita. Maji ya Kivu yana nyuzi kama 24, na mtu akiyaonja asubuhi anasema ni ya kuoga. Lakini maji huondoa joto la mwili haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na anayeogelea hulipoteza upesi kuliko aliyetulia. Mwogeleaji mzuri huchoka, misuli hukaza, na hakuna anayemwona: kichwa kimoja kati ya mawimbi hakionekani hata kwa boti inayopita mita 100. Boti ya mbao hata ikijaa maji huelea, na ikipinduka mnapanda juu ya tumbo lake. Wavuvi wale waliwaona kwa sababu kulikuwa na boti ya kuonekana. Ikibidi kuwa majini, kunja magoti kifuani, bana mikono mbavuni, na mkiwa wengi shikaneni duara.

Sasa jile. Aprili 2019, baada ya mtumbwi kuzama upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi alifika huko na kutangaza kwamba kila abiria wa ziwani lazima avae jile. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama hapa mbele ya Kituku, ikiwa imejaa kupita kiasi, watu wakiitazama kutoka ufuoni, na wapendwa wetu wengi walikufa wakiwa wanaona nyumba zao. Sina haja ya kukuhubiria. Jile iliyo chini ya kiti haivaliki tena boti ikipinduka. Huwezi kufunga vishikizo mikono ikitafuta pa kushika. Ivaeni ufuoni, kabla ya kupanda, wote wanne.

Na ijaribuni. Sokoni kuna jile ambazo ndani yake ni sifongo ya godoro. Inanyonya maji na baada ya muda inakuwa mzigo. Ingieni majini hadi kifuani hapo Himbi, kunjeni magoti, legezeni mwili. Kama mdomo hauko juu ya maji bila kuhangaika, hiyo si jile. Kama inapanda hadi masikioni, inahitaji mkanda wa kupita kati ya miguu. Mtu mzima anahitaji msaada wa kilo 7 hadi 10 tu kuelea vizuri, kwa hiyo bidoni tupu la lita 20 lililofungwa barabara linaweza kuwashikilia watu wawili. Fungeni mawili ndani ya boti kwa kamba nyepesi. Siyo mbadala wa jile, ni nyongeza, na yanapatikana kila nyumba.

Kuita msaada: nchi nyingine zina redio za boti na kikosi kinachosubiri usiku na mchana. Sisi tuna wavuvi, na boti za abiria zinazopita kati ya Goma na Bukavu. Kwa hiyo lazima uonekane na usikike na wao. Filimbi ifungwe kwenye kila jile, sauti ya mtu haifiki mbali kwenye upepo. Mchana, simama kwa magoti, nyoosha mikono yote miwili pembeni, ipandishe na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara ya hatari inayotambuliwa na mabaharia dunia nzima, na haichanganywi na mtu anayesalimia. Usiku, tochi: mara tatu fupi, mara tatu ndefu, mara tatu fupi. Simu tatu ziliisha chaji kwa sababu ya kupiga video kisiwani. Simu moja izimwe tangu asubuhi, ifungwe kwenye mfuko usiopenya maji, isiguswe. Hata mahali pasipo na mtandao inaweza kusoma mahali ulipo kutoka kwenye setilaiti, na ukipata mtandao kidogo unatuma namba zile kwa ujumbe mfupi, ambao hupita pale simu ya sauti inapokatika. Vitambulisho navyo viwe kwenye mfuko huo. Ziwa lina mpaka, na upepo haujui mpaka.

Umesema usiku ule ulikuwa wa giza. Hilo liliwaokoa. Sambaza huvutwa na taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, kwa hiyo siku hizo wavuvi wengi hubaki nyumbani. Mngezimikiwa mwezi ukiwa mzima mngeona vizuri mpaka milimani, na ziwa lingekuwa tupu. Vijana hupenda kwenda ziwani usiku wa mbalamwezi kwa sababu unapendeza. Angalieni kalenda ya mwezi kabla ya safari yoyote ambayo inaweza kuwafikisha usiku.

Kama upepo ungewasukuma hadi mwambani upande wa Bulengo, mngetoka mmelowa, mnatetemeka, mkatafuta shimo la kujikinga na upepo. Humo ndimo ilimo gesi niliyosema nitaifikia, iitwayo mazuku. Mazuku hukaa katika mabonde na mashimo ya mawe ya volkano pembeni ya ziwa upande wetu wa kaskazini, hasa usiku ambapo hewa haitembei. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, haina rangi, na anayelala humo haamki. Ukitoka ziwani usiku, panda juu, kaa mahali palipoinuka penye upepo, hata kama baridi inauma, na ukiona nyasi zimekauka bila sababu au ndege na wadudu waliokufa, ondoka.

Msomaji wa Bukavu anayesoma hapa asidhani haya ni ya Goma tu. Yeye ana radi. Mwaka 2016 wanasayansi waliohesabu miale ya radi kwa setilaiti waliliweka eneo la Kabare nafasi ya pili duniani, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kila mwaka kwa kila kilomita ya mraba. Katika msimu wa mvua, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa tatu, upate kilomita. Ikifika kumi uwe tayari nchi kavu, maana juu ya maji kitu kirefu kuliko vyote ni wewe.

Unaniuliza mfanye nini sasa. Kabla hadithi haijazoeleka midomoni, kila mmoja wenu aandike peke yake ukurasa mmoja: aliona nini, saa ngapi, alifikiri nini na hakusema. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Nina hakika mmoja wenu aliona upepo umebadilika pale kisiwani akanyamaza kwa sababu watatu walikuwa wanacheka. Someni kurasa hizo pamoja bila kumtafuta mkosaji. Kisha wekeni sheria moja ndani ya boti: mmoja akisema turudi, boti inarudi, na hakuna anayeulizwa kwa nini hadi mfike nchi kavu.

Wiki mbili zijazo msitoke mbele ya Himbi. Asubuhi, mkiwa mnaweza kufika ufuoni kwa makasia (ambayo hamkuwa nayo, nunueni manne), zimeni mota makusudi. Tupeni ndoo, kaeni chini, mmoja achote maji, mmoja afungue kifuniko cha mota. Fungeni skrubu ya tangi kwa kusudi muone pampu ya mpira ikibaki bapa, ili vidole viijue. Wekeni maji ndani ya boti hadi kifundo cha mguu muone inavyolewa. Rudieni mpaka iwe kazi ya kimya. Halafu muombeni mzee mmoja wa Kituku awapeleke kama abiria, usiku mmoja wa sambaza, mkae mnaangalia anatazama nini angani kabla ya kusukuma mtumbwi.

Wavuvi waliowaokoa waliacha nyavu zao usiku ule. Nendeni kwao na wazazi, waulizeni usiku mmoja huleta sambaza kiasi gani, mlipe. Wasipotaka pesa, nunueni taa au kamba mpya wapewe. Msipeleke soda peke yake.

Na mama. Usibishane naye kwamba hakuna hatari, anajua ipo. Mwombe asubiri mwezi mmoja, na mpe kazi. Kila safari aachiwe karatasi: majina ya walio ndani, rangi ya boti, mnakokwenda, njia mtakayopita, saa ya mwisho ya kurudi, na namba za watu wawili wa Kituku wenye boti na mota, ambao mmekwisha kuzungumza nao. Mkifika salama, mtu wa kwanza kupigiwa ni yeye. Saa iliyoandikwa ikipita bila simu, asiwasubiri hata dakika tano wala asiogope kuwaaibisha. Apige.